Pan European ya miaka ya tisini: kinachozeeka, na unachoweza kukitengeneza mwenyewe

Pikipiki kama Honda Pan European ya mwaka 1995 ikitangazwa kuuzwa, swali la kwanza ni lile lile: imetembea kilomita ngapi? Ikisemwa elfu thelathini, simu hazikatiki. Ikisemwa laki na nusu, watu wanaipita. Kwa bodaboda ya CC 150 inayopigishwa kazi kutwa, hesabu hiyo ina mantiki. Kwa pikipiki kubwa ya safari ndefu iliyofikisha miaka ishirini na mitano au thelathini, inapotosha, na imewafanya watu wengi wanunue chombo kilicholala bandani miaka minane, wakaacha kile kilichokuwa kikitunzwa kila msimu.

Injini za pikipiki hizi zilijengwa kwa mwendo mrefu. Zikipata oili safi na maji ya kupoza, kilomita haziziumizi sana. Kinachoziangusha ni miaka: mpira unaokauka na kupasuka, mafuta ya breki yanayonyonya unyevu, soketi za waya zinazoshika kutu, petroli inayogeuka gundi ndani ya kabureta. Karibu yote hayo mwenye pikipiki anaweza kuyashughulikia mwenyewe, akiwa na spana nzuri, kitabu cha ufundi na subira.

Kwanza tuelewane tunazungumzia chombo gani. Pikipiki ambazo wenyewe huziita spoti-turing ziko katikati ya zile za mashindano na zile nzito za kustarehe. Zina injini yenye nguvu na breki kali, lakini dereva hakai amelala juu ya tangi. Zina kava la kukinga upepo, kioo mbele, mabegi magumu pembeni na kiti cha watu wazima wawili. Mfano nitakaoutumia ni Honda ST1100, iliyouzwa Ulaya kwa jina la Pan European. Ilitoka 1990, ikaendelea hadi 2002, kisha ST1300 ikapokea kijiti. Injini yake ni ya CC 1084, ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, inapozwa kwa maji na ina gia tano. Mahali pa cheni pana shafti. Tangi linabeba lita 28, na ikijaa mafuta chombo chote kinazidi kilo 300. Polisi wa barabarani Uingereza waliitumia kwa miaka mingi, na askari hawakuwa wakiionea huruma. Mwenye Kawasaki GTR1000, BMW R1100RT au Yamaha FJ1200 ataona vipuri tofauti na boliti mahali pengine, lakini uzee wa chombo chake unafuata njia hiyo hiyo.

Jambo la pili la kutenganisha ni huduma na ukarabati. Huduma ni kazi unayoifanya kwa kalenda, kitu kikiwa bado kizima: kumwaga oili, kubadilisha mafuta ya breki, kupaka grisi. Ukarabati unakuja baada ya kitu kuharibika. Pikipiki ya zamani inakuwa mateso pale mwenyewe anapoishi kwenye ukarabati peke yake, akingoja kila kitu kife ndipo akiguse.

Kabla ya kushika spana

Nunua kitabu cha ufundi cha modeli hiyo kabla ya kununua kipuri chochote. Humo mna nguvu ya kukaza kila boliti, mchoro wa nyaya, na utaratibu wa kuvua kava. Hili la kava msilidharau. ST1100 imefunikwa plastiki karibu kote, vibanio vingine vimejificha, na plastiki ya miaka thelathini imeshapoteza ulaini wake. Ukivuta kwa hasira, sikio la kava linabaki mkononi. Skrubu nazo zina urefu tofauti, kwa hiyo kila kava liwekwe na kopo lake la skrubu, lenye maandishi.

Halafu bisibisi. Skrubu nyingi za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani, hasa za vikombe vya kabureta na za vifuniko vya mafuta ya breki, zimechongwa kwa kiwango cha Kijapani kiitwacho JIS. Bisibisi nyota ya kawaida, ile ya Phillips, haifiki chini ya tundu la skrubu hiyo. Ukiongeza nguvu ncha inapanda juu na kula kingo, na baada ya mara mbili skrubu haina tena pa kushikia. Watu husema skrubu za Wajapani ni laini. Chuma chake hakina tatizo, bisibisi ndiyo isiyoendana nayo. Skrubu za JIS mara nyingi zina kidoti kidogo kilichochimbwa kichwani, na bisibisi zake si ghali. Kwa maoni yangu ndiyo fedha inayorudi haraka kuliko nyingine yoyote katika karakana ya nyumbani.

Toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, ni ya lazima. Boliti za chuma zinaingia kwenye bodi ya alumini, na alumini ikizidiwa nyuzi zinang'oka. Pikipiki isimame kwenye stendi kuu, sakafu iwe ngumu na tambarare, kwa sababu kilo 300 zikianza kulala hakuna mkono wa mtu mmoja wa kuzizuia. Na usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua.

Oili na mafuta ya breki

Kuhusu oili kuna kambi mbili zinazobishana. Moja inasema oili ni oili, weka ya gari. Nyingine inasema oili ya gari itaua pikipiki siku hiyo hiyo. Ukweli upo kwenye klachi. Katika ST1100, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi, injini, gia boksi na klachi vinatumia oili moja, na sahani za klachi zinazunguka ndani ya oili hiyo. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, wakati klachi inaishi kwa msuguano. Kwa hiyo tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2, ambayo maana yake oili imepimwa kwa klachi ya aina hii. Jina la kampuni na picha ya bingwa wa mbio si hoja. Dalili ya klachi kuteleza utaiona ukiwa gia ya tano unapanda mlima: sauti ya injini inapanda, mwendo unabaki ulipo.

Mafuta ya breki ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mafuta ya breki yenye alama ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yametengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli hunyonya unyevu kutoka hewani. Chumvi iliyoachwa wazi jikoni Mombasa wakati wa masika hulowa bila mtu kuimwagia maji. Mafuta haya yanafanya hivyo hivyo ndani ya hosi na kopo lake, polepole, mwaka hadi mwaka. Kwa kiwango kilichowekwa, DOT 4 mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Sasa fikiria mteremko mrefu, mabegi yamejaa, abiria nyuma, breki zimeshikwa muda wote. Maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke, mvuke unabanika, na mkono wa breki unashuka hadi kwenye mpini bila pikipiki kusimama. Kabla ya hapo breki zilikuwa nzima kabisa, ndiyo maana ajali ya namna hii huitwa "breki zilifeli ghafla", ingawa mafuta yalikuwa yakiharibika kwa miaka.

Unyevu huo unafanya la pili: unaotesha kutu kwenye pistoni za kalipa, yaani kibanio cha breki kwenye gurudumu, na mabaki chini ya kopo la mafuta. Fungua kopo la breki ya mbele la pikipiki iliyosahaulika, nyonya mafuta yote, angalia chini kwa tochi. Utaona matundu mawili, moja dogo mno. Hilo dogo ndilo njia ya mafuta kurudi unapoachia breki. Likiziba kwa chembe ndogo tu, mafuta yanayopanuka kwa joto hayana pa kwenda na breki inajishika yenyewe. Wengi hubadilisha kalipa nzima, wakati dawa ilikuwa kulisafisha tundu hilo kwa waya mmoja laini sana na mafuta mapya.

Badilisha mafuta haya kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki haikutoka bandani. Kazi yenyewe ni ya kufungua kinyonyo (skrubu ya kutolea mafuta) kwenye kalipa, kubana mkono taratibu, kufunga, kuachia, huku ukijaza kopo lisikauke kamwe. Yakiisha katikati, hewa inaingia na unaanza upya. Klachi ya ST1100 nayo inaendeshwa kwa mafuta hayo hayo na ina kopo lake upande wa kushoto, ambalo watu hulisahau. Funika plastiki na tangi kwa kitambaa, kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi.

Kuna imani kwamba namba kubwa ni bora, kwa hiyo DOT 5 inaishinda DOT 4. Hapana. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na haifai kumiminwa katika mfumo uliojengwa kwa glaikoli. DOT 5.1 ni jambo jingine kabisa, licha ya kufanana jina.

Maji ya rejeta nayo yana imani yake: kwetu hakuna barafu, maji ya bomba yanatosha. Kulanti, yaani dawa ya kuchanganya na maji ya kupoza, haikuwekwa kwa ajili ya barafu tu. Inazuia kutu ndani ya injini ya alumini, inapandisha kiwango cha kuchemka na inalinda sili ya pampu ya maji. Maji ya bomba yanaacha chokaa. Changanya kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, badilisha kila miaka miwili, na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Matairi hayahitaji maneno mengi. Ubavuni kuna msimbo unaoanza na herufi DOT (si ile ya mafuta ya breki), na namba zake nne za mwisho ni tarehe: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzima na umri wa miaka kumi ni gumu, halishiki barabara ya mvua. Libadilishe.

Betri husingiziwa

Kwenye umeme ndiko wamiliki wanakopoteza fedha nyingi bila sababu. Asubuhi pikipiki haiwaki, wananunua betri. Baada ya wiki tatu betri mpya imekufa, wanasema betri za siku hizi ni feki. Mara nyingi betri ilikuwa inakufa kwa kukosa chaji au kwa kuchajiwa kupita kiasi, na kujua ni lipi kati ya hayo kunahitaji mita ya bei ndogo na dakika kumi.

Mfumo wenyewe una sehemu tatu. Alteneta inazungushwa na injini na kutoa umeme unaogeuka-geuka. Rektifaya, kile kidude chenye mapezi ya alumini, inaugeuza uwe wa mkondo mmoja na kuzuia volti zisizidi. Betri inaupokea. Pima betri iliyopumzika usiku kucha: volti 12.6 hadi 12.8 ni nzima na imejaa, chini ya 12.0 imeisha. Washa injini, pandisha mzunguko hadi elfu tatu au nne, pima tena. Ukisoma kati ya 13.5 na 14.5, mfumo unachaji vizuri. Zikibaki 12 na kitu, chaji haifiki. Zikipita 15, rektifaya imeacha kudhibiti na inaichemsha betri.

Chaji isipofika usikimbilie kununua alteneta. Kwenye ST1100 za miaka ya mwanzo, zenye alteneta ya ampea 28, fuata nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye alteneta hadi kwenye soketi yake ya plastiki. Mara nyingi utaikuta imegeuka rangi ya kahawia, na upande mmoja plastiki imeyeyuka ikashikana. Sababu inaeleweka. Vidole vya shaba ndani ya soketi vikishika kutu kidogo, umeme unapata upinzani. Upinzani unaleta joto, joto linaongeza kutu, na kutu inaongeza upinzani. Baada ya miaka kadhaa soketi inajichoma yenyewe. Wenye uzoefu na modeli hii huikata, husafisha shaba ya nyaya hadi ing'ae, kisha huziunganisha moja kwa moja kwa risasi na kuzifunika kwa mpira unaobana kwa joto. Kwa kuwa nyaya zote tatu ni za alteneta na zinabeba umeme wa aina moja, mpangilio wake hauna athari.

Soketi ikiwa nzima, ichomoe, washa injini na pima umeme unaogeuka-geuka kati ya kila nyaya mbili kati ya hizo tatu. Vipimo vitatu vinatakiwa vilingane. Kimoja kikiwa pungufu sana, koili ya alteneta ina tatizo. Zima injini, pima kati ya kila waya wa njano na bodi: pasiwe na muunganiko wowote. Yote yakiwa sawa, mshukiwa aliyebaki ni rektifaya au nyaya zake. Kwa njia hii unanunua kipuri kimoja unachokijua badala ya vitatu vya kubahatisha. Na kabla ya hayo yote, fungua vichwa vya betri na sehemu waya wa hasi unapofungwa kwenye injini, sugua hadi chuma kionekane, kaza. Matatizo mengi ya "umeme wa ajabu" huishia hapo.

Kabureta nne

Anayejua kabureta ya Boxer au TVS anajua msingi wa hii pia, ila hapa ziko nne, zimejipanga katikati ya V ya injini, chini ya boksi la hewa. Zinafanya kazi kama timu, na ndiyo maana haifai kuzishika kwa haraka.

Kila kabureta ina njia mbili kuu za petroli. Ile ya sailensa, yaani mzunguko wa chini ukiwa umesimama, inapita kwenye jeti, kipande cha shaba cha kupimia petroli, yenye tundu la chini ya nusu milimita. Ile ya mwendo inapita kwenye jeti kubwa. Petroli iliyoachwa miezi mingi inakauka na kuacha gundi, na tundu dogo ndilo linaloziba kwanza. Dalili zake ziko wazi: pikipiki inawaka kwa choki tu, inatetemeka ukisimama kwenye taa, lakini ukifika barabara kuu inaenda kama kawaida. Ukiona hivyo, tatizo ni jeti ndogo. Likiwa kinyume chake, inasimama vizuri na kukosa nguvu kasi ikipanda, angalia filta ya hewa, njia ya petroli na plagi kabla ya kufungua kabureta.

Pia angalia mipira inayounganisha kabureta na injini. Ikikauka inapasuka nyufa nyembamba, hewa inaingia bila kupimwa, na mzunguko wa chini unapanda wenyewe au unakataa kushuka. Watu hugeuza skrubu ya sailensa kila wiki kulifukuza tatizo hilo, kumbe dawa ni mipira mipya minne.

Kabureta zikilazimika kufunguliwa, kuna mambo matatu ya kushika. Usichokonoe jeti kwa waya mgumu, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka kipimo kimepotea. Tumia dawa ya kusafishia na hewa ya kompresa. Usiloweke mwili mzima wa kabureta kwenye dawa kali kabla ya kutoa utando mwembamba wa mpira ulio juu, ule unaoinua silaidi, kwa kuwa dawa huuvimbisha. Na usizitenganishe kabureta nne kutoka kwenye fremu yake kama hakuna ulazima. Zikirudi, zilinganishwe kwa geji za kupima mvuto wa hewa, ili silinda zote nne zivute sawa. Injini inayotetemeka kwenye mpini baada ya "kusafishwa kabureta" kwa kawaida imerukwa hatua hii. Nilichojifunza kwa wanaoendesha ST1100 kwa miaka ni kwamba ukishazitoa kabureta, badilisha hapo hapo hosi za maji zinazopita chini yake. Hosi hizo ni za bei ndogo. Kazi ya kuzifikia ndiyo ghali, na hakuna anayetaka kuirudia mwaka unaofuata.

Petroli yenyewe imebadilika. Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli nayo inavuta unyevu, na haipatani na baadhi ya mipira ya zamani. Kwa chombo kinacholala wakati wa baridi, mimi ningejaza ile ya bei ya juu ya E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, nitie dawa ya kuhifadhi petroli, kisha nimwage vikombe vya kabureta kabla ya kufunga banda.

Shafti "isiyohitaji chochote"

Wauzaji hupenda kusema shafti ni ya maisha. Ni kweli haina cheni ya kukaza wala ya kupaka grisi kila wiki. Lakini ndani ya gurudumu la nyuma kuna meno ya chuma yanayoshikana na meno ya difu, na nguvu yote ya injini, farasi kama mia moja, inapita hapo. Yakikaa makavu yanasagana bila kelele. Kila unapobadilisha tairi la nyuma, gurudumu likiwa chini, futa grisi kuukuu, tazama meno kwa karibu. Meno mazima yana kichwa bapa na pande zilizosimama. Yaliyochoka yamechongoka juu, au upande mmoja umelika ukaacha kingo unayoweza kuihisi kwa ukucha. Paka grisi yenye molibdeni nyingi, ile nzito ya kijivu iliyokolea, kwani grisi ya kawaida ya beringi inarushwa nje na kukauka. Hakikisha pete ya mpira inayozuia vumbi na maji ni nzima.

Mafundi wengi wa matairi wanarudisha gurudumu bila hata kutazama hapo, na siwalaumu, waliitwa kubadilisha tairi. Ndiyo sababu ni kazi ya mwenyewe. Difu ina oili yake ndogo ya gia, ya kubadilisha kwa dakika chache. Chembe laini za chuma kama vumbi si jambo la kutisha, vipande vinavyoonekana kwa macho ni vya kutisha.

Vali, mkanda, na mahali pa kusimama

Injini ya ST1100 imelala kwa urefu, kwa hiyo vichwa vya silinda vinajitokeza pande zote mbili. Ukivua kava za plastiki, mfuniko wa vali uko mbele yako. Kupima uwazi wa vali kwa geji ni kazi ya subira ambayo hata anayeanza anaiweza, injini ikiwa baridi kabisa. Na hapa kuna imani ya kuvunja: vali isiyopiga kelele ni vali nzima. Vali iliyolegea hugonga na unaisikia. Iliyobana iko kimya, haifungi sawasawa, gesi za moto zinapenya pembeni yake, na siku moja imeungua. Ukimya hauthibitishi chochote, geji ndiyo inayothibitisha. Vali za injini hii hukaa kwenye vipimo muda mrefu, lakini zikitoka, kurekebisha ni kubadilisha visahani vidogo chini ya bakuli la vali, na hiyo maana yake ni kutoa kamshafti (mhimili unaofungua vali) na kugusa taimingi (mpangilio wa vali kufunguka kwa wakati wake). Kama hujawahi kufanya, pima mwenyewe, andika vipimo, kisha mpelekee fundi wa injini. Fundi anayepokea vipimo vilivyoandikwa anafanya kazi nusu ya muda.

Taimingi inaendeshwa kwa mkanda wa mpira wenye meno. Mkanda hautoi dalili kabla ya kukatika, na ukikatika injini inaweza kuharibika vibaya. Ikiwa hujui uliwekwa lini, umri wake ni umri wa pikipiki.

Yapo mengine ya kumwachia mwenye vifaa: ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unaposhika breki) yenye hitilafu, fremu iliyopinda, foku zilizogongwa, nyuzi za boliti zilizong'oka kwenye bodi ya injini. Na kwa breki, hata ukiwa na uhakika, mwombe mtu mwingine akague boliti zako kabla hujatoka barabarani.

Aliyenunua leo aanze na matairi na mafuta ya breki, kisha mfumo wa chaji, kisha meno ya shafti na mkanda wa taimingi, na kabureta mwisho kama inawaka. Uingereza, historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, tangu 2005 inaonekana bure mtandaoni kwa namba ya usajili: isome kabla ya kulipa, utaona mwaka gani haikukaguliwa, yaani pengine ililala. Kila kazi iandikwe tarehe na kilomita, pamoja na namba ya kipuri. Filta, plagi, pedi na sili bado hupatikana kwa urahisi. Kava za plastiki ndizo za kusaka kwa wanaobomoa pikipiki, kwa hiyo ukikuta kava zima la pembeni kwa bei ya haki, lichukue hata kama lako bado halijapasuka.